Maji Machafu ya Jeruto

Katika mtaa wa Kapsoya mjini Eldoret, hapakuwa na nyumba iliyong'aa kuliko ya Warigia. Sakafu yake ilimeremeta hadi mtu akajiona uso. Vitambaa vya makochi vilifuliwa na kupigwa pasi kila wiki, na mgeni aliyevuka kizingiti na matope ya msimu wa mvua alijua amekosea kabla hajaambiwa. Warigia alikuwa na duka la sare za shule, mume mpole na ulimi mwepesi. Mungu hampi mja vyote.

Wanajumuiya wa kanisa lao walikuwa na desturi ya kusali nyumba kwa nyumba, Jumapili hii kwa huyu, ijayo kwa yule. Baada ya sala chai humiminwa, na hapo macho huanza kutembea. Watu husema wamekwenda kusali, na kweli husali, lakini pazia jipya nalo halipiti bila kuonekana.

Zamu ya Jeruto ilipofika, hakuna aliyetazama pazia. Jeruto alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena rafiki wa Warigia tangu Collins wake na Njeri wa Warigia walipokuwa wakibebwa mgongoni. Sebuleni kwake palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wasiozidi urefu wa pingili ya kidole, kila mmoja na mstari wa samawati ubavuni na mkia mwekundu. Waliogelea kundi zima, wakikata kona pamoja kana kwamba wameamriwa. Hata Mama Brigid, mwenyekiti wa jumuiya, alisahau kikombe mkononi. Warigia alimeza mate. Zamu yake ilikuwa inakaribia, na alitaka tangi kama lile.

Alipouliza, Jeruto alimweleza bila kumficha kitu. Tangi linajazwa maji, chujio linawashwa, kisha unangoja zaidi ya mwezi. Katika sponji ya chujio huota vijidudu visivyoonekana ambavyo huimaliza sumu ya kinyesi cha samaki. Baadaye ndipo unatia samaki wachache, halafu wengine.

"Maji huiva, Mama Njeri, kama maziwa ya mursik," alisema Jeruto. "Huwezi kumimina maziwa kwenye kibuyu asubuhi ukadai mursik jioni."

Maneno hayo yaliingilia sikio moja yakatokea la pili. Maji yaive yana nini? Maji ni maji. Kadiri Warigia alivyofikiri ndivyo alivyoshawishika kwamba rafiki yake alitaka kung'ara peke yake. Mama Brigid alipopita dukani kununua sweta, Warigia hakuuzuia ulimi wake. Alimwambia kuwa Mama Collins ni mtu mzuri, ila ana choyo, hapendi wenzake wafanane naye. Maneno hayana mbawa lakini huruka. Yalimfikia Jeruto upesi, naye akaacha kupitia dukani jioni kama alivyozoea.

Warigia alinunua tangi, chujio, hita ya kupambana na baridi ya Eldoret, dawa ya kutibu maji ya mfereji na kundi zima la samaki, vyote siku moja. Muuzaji, ambaye biashara ilikuwa imemlalia, hakumuuliza mengi. Jioni hiyo samaki walikuwa wakizunguka sebuleni kwake, naye akajiona ameupiga mwingi.

Furaha yake haikumaliza wiki. Maji yalianza kuwa na ukungu, na Warigia na uchafu hawakai nyumba moja. Alitoa sponji akaifua kwa maji moto na sabuni ya kipande hadi ikawa nyeupe kama mkate. Alisugua mawe, akamwaga maji yote, akatia mapya. Ukungu uliporudi, alisugua tena kwa nguvu zaidi. Kila usafi ulipozidi, samaki walizidi kudhoofu. Rangi zao zilififia, kundi likavunjika, wakawa wanahema juu ya maji kila mmoja kivyake. Asubuhi ikawa haipiti bila maiti.

Mumewe, Mbuthia, alimshauri ampigie Mama Collins simu. Warigia alisema hamhitaji mtu. Lakini moyoni alikuwa ameshawapenda wale viumbe, ambao walikuwa wamezoea kusogea kiooni wakisikia hatua zake. Wageni hawakuwa tena shida yake kubwa. Aliona haya kuwalilia samaki wasiojaza hata kijiko, lakini aliwalilia.

Siku moja kabla ya zamu yake, alikwenda kubisha kwa Jeruto.

"Nawaua samaki, na sijui ninavyowaua," alisema.

"Sponji uliiosha?"

"Kwa sabuni."

Jeruto alishika kichwa. "Basi umeviua vile vijidudu." Alitoa sponji moja kuukuu kutoka chujio lake, nyeusi kwa tope na yenye harufu, akaitumbukiza katika ndoo ndogo ya maji ya tangi lake. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni alisema, bila kuinua macho, "Nilisikia nina choyo." Warigia alikosa pa kuuweka uso.

Walipofika, Jeruto alipunguza maji ya tangi, akaongeza mengine yaliyotibiwa na kupashwa moto kidogo. Kisha akainua ile sponji aikamulie ndani. Warigia akaona tope likianza kudondoka, akamdaka mkono.

"Mama Collins, kesho nina wageni."

"Basi chagua. Waone tope, au waone tangi tupu."

Warigia aliuachia ule mkono. Tope lilitanda tangi zima, na sponji chafu ikatiwa katika chujio. Usiku ule hakugusa kitambaa, na kwake hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kufua.

Asubuhi tope lilikuwa limetulia chini, na samaki waliosalia hawakuwa wakihema tena. Wageni walipofika alasiri, mawe yalikuwa bado na vumbi la kahawia, lakini mbele yake kundi dogo lilikata kona pamoja, samawati na nyekundu. Mama Brigid alipiga makofi.

"Warigia, wewe hushindwi na kitu. Hata samaki wanakutii."

Sifa ile ilikuwa tamu, na ingemezeka kwa urahisi. Jeruto alikuwa mwisho wa kochi, akitazama kikombe chake. Warigia alisimama, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa mzito.

"Wamebaki hawa kwa sababu ya Mama Collins," alisema. "Maji yaliyowaponya ni yake. Nilikwambia ana choyo, Mama Brigid, na nilikudanganya."

Jeruto alijisogeza kumpa nafasi kochini.

"Kaa tunywe chai, Mama Njeri. Na hiyo sponji usije ukaifua."

Warigia alicheka huku machozi yakimlengalenga, akaketi pale pale kando ya rafiki yake. Basi nawe ukiingia nyumba ya mtu ukakuta kizuri kimetulia majini, usikimbilie kuuliza bei. Uliza kwanza kazi iliyofanywa, kwani ukiona vyaelea, vimeundwa.