Mabaraza Manne ya Bi Mize

Mtu mmoja alikuwa na nyundo na mama mzee. Jina lake Makame, fundi wa kujenga, na mtaa mzima ulimwamini. Mama yake, Bi Mize, alikuwa na dada mmoja tu duniani, Bi Tatu, kipofu, aliyekaa mwisho wa mtaa. Kila asubuhi Bi Mize alikwenda kumsalimu. Njiani palikuwa na mabaraza manne ya saruji, la kwanza likiwa hapo hapo mlangoni kwa Makame. Alikaa, akavuta pumzi, akainuka. Akakaa tena, akainuka tena. Hivyo ndivyo alivyofika, miaka nenda miaka rudi.

Makame akachoshwa na wazee waliokaa barazani kwake wakitema tambuu. Akalivunja, akapanga vyungu vya maua. Palipendeza, wallahi! Majirani watatu wakaona, wakataka na wao, na aliyeitwa kuvunja ni yeye yeye. Mtaa ukawa safi kama sahani. Bi Mize alijaribu siku mbili. Siku ya tatu akarudi kutoka nusu ya njia, ameshika ukuta. Hakutoka tena. Makame akawaambia watu kwamba sasa mama anapumzika, na moyo wake ulifurahi, maskini.

Miezi sita haikwisha, Bi Mize akawa mtu wa kuinuliwa kitandani. Bi Tatu naye alituma watu kila siku kuuliza: mbona dada haji, amemkosea nini? Makame alileta dawa, akaleta mganga, na kila jioni akamkanda mama miguu kwa mafuta ya karafuu. Jioni moja mama akamshika mkono.

"Acha, mwanangu. Miguu yangu uliivunja kule nje, kwa nyundo yako."

Makame alilia, tena sana. Kisha akanawa uso. Asubuhi akakoroga saruji, akaanza na baraza lake, halafu akapita kwa majirani wote watatu kuomba radhi na kuomba ruhusa.

Bi Mize alianza kwa kufika mlangoni tu, ameshikwa mikono miwili. Baada ya mwezi akafika baraza la pili, hakushikwa na mtu. Mvua za vuli zilipokatika, Bi Tatu alisikia kandambili anazozijua zikiburuzwa kizingitini kwake, akapiga kelele za furaha hata majirani wakatoka.

Ninyi mnaowapelekea wazazi wenu dawa kitandani, na mnafanya vyema: hapo nje kwenu, mzee wa mtu akichoka, atakaa wapi?