Kijiti cha Shanta ya Kafuku

"Mizani ya mzigo ni mgongo." Maneno hayo mmeyasikia leo asubuhi ukumbini, yule mtu wa kampuni ya uwindaji alipotuonyesha shanta mpya za wabebaji na kutuambia kwamba zimepunguzwa uzito huko mjini kwa faida yetu. Bi Nyanzala akasimama, akasema maneno hayo tu, akaketi. Wazee wakaguna. Ninyi vijana mkacheka, kisha mkanifuata mpaka hapa kuniuliza yametoka wapi. Vizuri mmeuliza. Yule mtu wa kampuni hakuuliza.

Basi sogeeni. Neno hili halikutungwa na mtu aliyekaa kitini. Lilizaliwa njiani, katika pori la ng'ambo ya Mto Nsalala, na lilizaliwa hivi.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa bado na ndevu mbichi. Kijiji kikapewa kibali cha kuwinda pofu mmoja, yule swala mkubwa, na nyati mmoja, watu wapate kitoweo. Bunduki ilikuwa moja tu, na mshika bunduki alikuwa Mihambo. Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo mapema, maana ninyi mkisikia hadithi mnatafuta mbaya, mkishampata mnalala. Mihambo alikuwa mtu anayependa mambo yaende, na kwa sababu bunduki ilikuwa mkononi mwake, alizoea kudhani kwamba akili nayo iko mkono huohuo.

Wabebaji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Chidong'a, Mgogo aliyeoa hapa kwetu, mtani wa kila Mnyamwezi aliyepita mbele yake. Wa pili alikuwa Kafuku, mtoto wa wabebaji, mjukuu wa wabebaji. Babu zake walibeba pembe za watu wengine hadi pwani wakarudi na makovu. Vitabuni wanaitwa wapagazi, basi, kana kwamba mama zao hawakuwapa majina.

Kafuku aliishona shanta yake mwenyewe. Turubai ilitoka kwenye hema kuukuu, fremu ilikuwa ya fito za mkole, nyepesi na zenye kupinda bila kuvunjika. Kiunoni aliweka mkanda mpana wa ngozi ili uzito ukae kwenye nyonga badala ya mabega. Lakini jambo kubwa lilikuwa kwenye bega la kulia. Mkanda wa hapo haukushonwa moja kwa moja. Ulipitishwa kwenye pete ya chuma, ukazuiwa na kijiti cha mpingo chenye urefu wa kidole. Ukikivuta kijiti, mkanda unafunguka, na mzigo wote unaanguka nyuma yako kabla hujamaliza kumwita mama yako. Wabebaji wa zamani walikiita kijiti cha roho. Chidong'a naye alikuwa nacho kwenye shanta yake. Kafuku ndiye aliyemwekea.

Siku moja kabla ya safari Mihambo aliwaita uani kwake. Alikuwa ametundika mizani, ile ya ndoano ya kupimia tumbaku, na mizani hiyo mimi sitaizungumzia leo, maana nikianza habari za mizani ya tumbaku hatutamaliza. Akazitundika shanta moja baada ya nyingine. Akatikisa kichwa.

"Tutatembea mbali, jamani," alisema. "Kila chuma mnachobeba kwenda ni nyama mtakayoiacha porini kurudi."

Akachukua kisu. Akakata mkanda wa kiunoni. Akatoa matambara yaliyoshonewa mabegani. Akang'oa pete, na kijiti kikaanguka mavumbini. Mahali pa mikanda ya ngozi akashona kamba nyembamba ya nailoni, moja kwa moja, kwa mshono wa haraka, na kifuani akaweka kamba nyingine ya kufunga fundo. Kisha akawaambia waache visu vyao.

"Kisu kimoja kinatosha kwa watu watatu," alisema, akipiga ala iliyokuwa kiunoni mwake. Bunduki na chupa yake ya maji hakuvitundika kwenye ile ndoano.

Kafuku akaokota pete. "Bwana Mihambo, hii si mzigo. Huu ni mlango wa kutokea."

"Mlango wa kutokea! Mwaka juzi si kuna mtu alisikia kanga wakiruka, akavuta kijiti, nyama ya kijiji ikatumbukia mtoni? Huo ni mlango wa woga."

Kafuku akafungua kinywa, lakini Chidong'a akamwahi. "Mtani, acha kumsumbua mzee. Ninyi Wanyamwezi mmezaliwa na mizigo vichwani, leo mnagombania kijiti cha kuchokolea meno?"

"Na ninyi Wagogo," Kafuku akajibu, "bila mkia wa ng'ombe wa kufuata, njia yenyewe hamwioni."

Wakacheka wote watatu, na jambo likaisha hapo. Huo ndio ugonjwa wetu, vijana wangu. Kitu kikituuma tunakitia utani, na aliyetuuma anadhani tumekubali.

Siwezi kuwadanganya: mwanzo wa safari walifurahi. Shanta zilikuwa tupu na nyepesi kama vikapu vya mayai. Chidong'a alicheza ngoma ya kwao katikati ya njia. Hata Kafuku alisema, "Kwa kweli, leo sijisikii kama nimebeba." Mihambo akatabasamu njia nzima.

Pofu walimpata ng'ambo ya mto. Wakamchuna, wakaikausha nyama juu ya uchaga, wakaijaza kwenye shanta mpaka turubai ikanung'unika. Hapo ndipo safari ilipobadilika. Bila mkanda wa kiunoni, uzito wote ulipanda mabegani. Zile kamba zikaingia kwenye nyama kama uzi unavyokata ugali. Fundo la kifuani lilikazwa na mwenzako, na kwa jasho na uzito lilijibana likawa kama kokwa. Ukitaka kuivua shanta ulihitaji mtu wa kukufungulia, na meno. Wakawa hawapumziki ovyo, maana kuvaa tena kulikuwa adhabu.

Walikuwa wakipita kando ya mbuga yenye nyasi ndefu, Mihambo aliposimama na kuinua mkono. Mbele yao nyati dume, peke yake, amewapa ubavu.

"Mwache," Kafuku alinong'ona. "Shanta zimejaa. Tutambeba kwa kitu gani?"

"Sasa nilizipunguza ili iweje?" Mihambo akajibu.

Lisikieni neno hilo vizuri. Kumbe ule wepesi haukuwa wa Kafuku. Ilikuwa nafasi aliyojiwekea Mihambo kwenye mgongo wa mtu mwingine.

Akapiga. Risasi ikaingia tumboni, mahali pabaya. Nyati akageuka, akapotea kwenye kichaka, nyuma yake damu kwenye majani. Na nyati aliyejeruhiwa haachwi. Kila mtu wa pori anajua kwamba atamngoja mwingine, mlina asali au mwanamke anayechuma uyoga. Ilibidi wamfuate.

"Basi tufungue mizigo kwanza," Kafuku alisema.

"Mafundo hayo tutayafungua mpaka jua lizame. Damu bado mbichi. Twende."

Wakaenda. Mihambo mbele, Kafuku katikati, Chidong'a nyuma. Ndege walikuwa wamenyamaza, na porini hiyo ni dalili ya hatari. Damu ilipinda kushoto, ikapinda tena kushoto, na Kafuku akaelewa: mnyama alikuwa amezunguka, amerudi kando ya nyayo zake mwenyewe, naye amesimama mahali fulani akiwasikiliza wakipita.

"Bwana Mihambo..."

Nyasi zikapasuka upande wa nyuma yao. Chidong'a akajirusha pembeni, na ule mshono wa haraka ukakatika. Shanta ikaenda huku, yeye huku, mguu wake ukagongwa na kwato ukateguka. Bahati yake ilikuwa ushonaji mbaya. Mihambo akageuka na kupiga, akamkosa. Akavuta tena, ganda likakwama ndani ya bunduki. Akaitupa, akaukwea mninga uliokuwa karibu.

Kafuku hakufika popote. Ukiwa na shanta ile huwezi kukimbia, unayumba tu. Nyati alimpiga kwa nyuma. Pembe ikapita kati ya shanta na mgongo, ikanasa kwenye kamba, na Kafuku akainuliwa kama mzigo wa nyasi. Alirushwa huku na huku, miguu inagusa ardhi, haigusi. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe begani kutafuta kijiti. Vidole vikakuta kamba iliyoshonwa.

"Kisu!" alipiga kelele. "Nikateni!"

Chidong'a alijivuta hadi chini ya mninga. "Mihambo! Tupa kisu!"

Mihambo alikuwa ameushika mti kwa mikono na magoti. "Nikikitupa nitabaki na nini?"

"Tupa kisu, mtu anakufa!"

"Akija huku je? Akija huku je, Chidong'a?"

Mshika bunduki wa kijiji. Anauliza akija huku je.

Chidong'a alirukia mti kwa mguu wake mmoja mzima, akaukamata mguu wa Mihambo, akamvuta mpaka ala ikamfikia mkononi, akakichomoa kisu. Kisha akachechemea kuelekea kwa nyati. Mnyama alikuwa amepiga magoti kwa kuishiwa damu, lakini bado anasaga kichwa ardhini, na Kafuku chini ya kichwa hicho. Chidong'a alikata kamba ya kwanza. Nyati akatikisa, bega la Kafuku likalia kama mti unaovunjwa. Akakata ya pili. Kafuku akateleza chini, Chidong'a akamburuta kwa nywele na kwa shati mpaka nyuma ya kichuguu. Nyati akasimama, shanta imening'inia kwenye pembe zake na kumfunika macho, akaenda hatua chache akaanguka nayo.

Sasa kulikuwa na safari ya kurudi. Bega la Kafuku limevunjika, na mkono unaning'inia; mbavu zinamchoma kila akivuta pumzi. Chidong'a anatembea kwa fimbo. Aliyekuwa mzima ni mmoja tu. Mihambo akashuka mtini, akainama. Wakampandisha Kafuku mgongoni mwake.

Nyama yote ikabaki porini, ile ambayo shanta zilipunguzwa kwa ajili yake.

Kafuku alikuwa mtu mwembamba. Mwanzoni Mihambo alitembea haraka, pengine kwa aibu. Jua likapanda. Akaanza kuyumba. Akamsogeza juu kidogo, akatembea, akamsogeza tena. Mwishowe akasimama, jasho linamdondoka puani.

"Chidong'a, ndugu yangu," alisema. "Huyu mtu ni mzito."

Chidong'a akaegemea fimbo yake. Macho yake hayakuwa na mzaha, ila mdomo ulikuwa uleule wa mtani. "Mzito? Basi mpunguze. Ana masikio mawili, moja linatosha. Kata. Na huo mkono uliovunjika wa nini? Chuma tupu. Ung'oe uuache hapa."

"Usiniseme hivyo."

"Vidole vya miguu je? Watu watatu, vidole vyote hivyo vya nini? Kisu hiki hapa. Au nikikupa nitabaki na nini?"

Mihambo akaanza kulia. Alilia amesimama, hawezi kujifuta machozi, maana mikono yake yote ilikuwa imemshika Kafuku.

Ndipo Kafuku akasema, taratibu, kwa pumzi fupifupi, kidevu chake kikiwa juu ya bega la Mihambo. "Mtani, mwache. Sasa anapima."

"Anapima na nini? Mizani ameiacha uani kwake."

"Ile haikuwa mizani," Kafuku alisema. "Mizani ya mzigo ni mgongo."

Mihambo alimsogeza tena juu, akatembea. Walifika kwenye kambi ya walina asali kabla ya giza, na walina asali wakatengeneza machela.

Kafuku aliishi. Mkono wa kulia haukuinuka tena, wala haukushika tena sindano ya kushonea. Nimekula naye miaka mingi. Alikula kwa mkono wa kushoto, na wageni wakimshangaa alikuwa hajisumbui kuwaeleza. Mihambo alirudisha bunduki kwa wazee bila kuombwa, na ni yeye mwenyewe aliyelisema lile neno mbele ya kijiji kizima, alipoulizwa nyama iko wapi. Tangu hapo hapa kwetu haikatwi kamba ya shanta, hata iliyochakaa, mpaka aibebaye aseme ikatwe, tena aseme ikiwa imejaa na amepanda nayo kilima.

Sasa yule mtu wa kampuni atarudi Ijumaa na shanta zake. Atasema zimepimwa, nami naamini zimepimwa. Mimi nitataka kujua ni nani aliyezivaa zikiwa na nyama, na zinavuliwaje mnyama akitokea, na ule wepesi ni nafasi ya nani. Ninyi ndio mtakaobeba. Swali ni lenu kabla halijawa langu. Ila mkisimama pale msicheke, wala msilitie utani mkaketi. Mtazameni usoni, mpaka aelewe kwamba hamtanii, mmwambie: mizani ya mzigo ni mgongo.