Nani Alimwinua Naetwe?

Sogeeni, lakini msikilize kwa makini, maana katika kisa hiki kila mtu ana lake analolificha.

Huko milimani Usangi alikuwako mtoto wa miaka minne, Naetwe, ambaye alikuwa hajatembea. Miguu ililegea tangu kuzaliwa. Watu watatu walimpenda, kila mmoja na kipawa chake. Mama yake, Niwaeli, alikuwa na moyo usiochoka. Nakiete, bibi mzaa baba, alikuwa na mikono iliyokanda watoto wa kijiji kizima. Baba mdogo, Mbazi, alikuwa seremala.

Siku moja baba mtoto, Elineema, akatamka mbele yao: "Atakayemtembeza mwanangu nitampa mtamba wangu mwekundu, na ndiye atakayemshika mtoto hadi apone kabisa. Wengine wataweka mikono nyuma."

Alidhani anawatia moyo, masikini. Tangu hapo wakaanza kuchunguliana.

Niwaeli alimpeleka mtoto kliniki, tabibu wa viungo akamfundisha kumnyoosha magoti na kumsimamisha ukutani, taratibu. Lakini aliogopa kupitwa na mama mkwe, akazidisha. Alijifungia naye chumbani, kilio cha mtoto kikasikika hadi njiani.

"Unamfanya nini mtoto?" bibi akauliza mlangoni.

"Mazoezi, mama."

"Mazoezi gani yanayotaka komeo?"

Bibi naye hakuwa malaika. Alichimba shimo nyuma ya migomba, la kufika kiunoni mwa mtoto, jinsi wazee walivyowasimamisha watoto waliochelewa kutembea. Tabibu alikwisha kuikataza njia hiyo. Niwaeli akienda kukata majani ya ng'ombe, bibi humtia mjukuu shimoni, udongo ukamshikilia, akamwimbia. Humo Naetwe alicheka, akasimama muda mrefu kuliko popote. Kisha bibi humwosha miguu vizuri mno.

"Mama, udongo huu kwenye kucha umetoka wapi?"

"Mtoto hucheza chini, mwanangu. Au kliniki wamekataza na udongo?"

Mbazi alichonga kigari cha mbao cha kusukuma. Naetwe alikishika, kikatangulia, naye akaburuta miguu nyuma yake.

"Shemeji, mbona hukukitengeneza mwaka jana?"

"Mbao zilikuwa hazijakauka," akajibu, huku akicheka.

Mbao zikakauka siku mtamba alipotajwa! Haya, mimi sisemi kitu.

Asubuhi moja Niwaeli akalikuta shimo. "Unamzika mwanangu akiwa hai!" akapiga kelele.

"Na wewe unayemvunja mifupa kwa mlango uliofungwa?" bibi akamjibu.

Mbazi akaja kuwaamua, wote wawili wakamgeukia: "Wewe nyamaza, unamtaka ng'ombe!"

Hakuna aliyemtazama mtoto. Kuku akampokonya Naetwe kipande chake cha muhogo. Naetwe akashika ukuta, akasimama, akauachia, akamfuata kuku huku akichechemea hadi zizini. Elineema alimwona, akalia kwa furaha mbele ya watu wote.

Kabla machozi hayajakauka, ubishi ukaanza.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama," akasema Niwaeli.

"Nguvu za nyonga zimetoka shimoni kwangu," akasema bibi.

"Na hatua alizijulia wapi kama si kwenye kigari changu?" akauliza Mbazi.

Wakaenda kwa tabibu. Akampima mtoto, akatikisa kichwa. "Aliyemwinua simjui, maana wote watatu mlinificha mliyokuwa mkimfanyia. Ninachojua ni kwamba mguu wa kushoto bado dhaifu. Mkiendelea kumvuta huku na huku, atarudi kukaa chini. Chagueni mtu mmoja."

Basi Elineema amesimama uani na kamba ya mtamba mkononi. Mama alizidisha hadi mtoto akalia. Bibi alivunja katazo, lakini mtoto alicheka. Mbazi alileta kitu kizuri, ila alikileta baada ya kusikia zawadi. Naetwe ameegemea ukuta, anawatazama mmoja mmoja, na akikabidhiwa mikono isiyofaa huenda asitembee tena.

Je, wewe ungempa nani kamba ile, na pamoja nayo mkono wa mtoto?