Adhabu ya Jumbe Mpelumbe

Barazani walikuwepo Bwana Shauri Harkness, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni, Jumbe Saidi Mpelumbe, msaidizi wake Kazembe Likwenu aliyekitamani cheo hicho cha jumbe siku zote, na wanakijiji.

"Shemeji yako Chitanda amempiga askari wangu kisha akatoroka," alisema Bwana Shauri. "Mlete leo, au Likwenu atakuwa jumbe."

"Mimi nitamleta kabla jua halijazama!" alidakia Likwenu.

"Tulia, ndugu yangu, sijafukuzwa bado," alisema Mpelumbe. "Bwana, Chitanda ameniaibisha mimi. Akikamatwa na mtu mwingine, aibu itabaki kwangu. Niadhibu: nisipumzike katika kazi hii ya ujumbe mpaka nimkamate kwa mkono wangu. Na watu wote wasikie."

Bwana Shauri alipendezwa na utii huo. Alisimama akatangaza, "Mpelumbe atakuwa jumbe mpaka amkamate Chitanda. Mwingine asiingilie!"

Kila kiangazi Mpelumbe alimsaka shemeji yake kwa bidii upande wa mashariki. Chitanda alikuwa magharibi, akilima shamba alilopewa na Mpelumbe. Bwana Shauri alikuja kushuku, lakini hakuweza kulitangua neno lake mbele ya watu.

Jumbe Saidi Mpelumbe alikufa mwaka 1951, akiwa bado kazini.