Keki Iliyo Sawa na ya Sultani

Hapo zamani, siku ambazo watu walitanguliza utamu na chakula kikafuata baadaye, palikuwa na mji uitwao Mirani, na sifa ya mji huo ilikuwa keki. Kila mtaa ulikuwa na duka lake na kila duka tanuri yake, hata mgeni aliyefungwa kitambaa machoni aliweza kujua yuko mtaa gani kwa kunusa tu: huku iliki, kule nazi, kule zabibu na mdalasini. Maduka yote yalikuwa ishirini na moja.

Katika mji huo alikaa mtu jina lake Mwinyikai, hana mbele wala nyuma. Alikuwa na kanzu moja, na siku aliyoifua hakutoka nyumbani. Kazi yake ilikuwa kutembea. Alikwenda duka kwa duka, akaonja keki, kisha akasimama mlangoni akatoa hukumu kwa sauti, na watu waliamini neno lake kuliko la kadhi, kwa kuwa katika mambo ya tumbo Mwinyikai hakusema uongo hata mara moja. Wapishi walimwogopa, wakampenda, wakamlisha.

Basi Sultani wa mji huo, Sultani Shahabu, alikuwa ameingiwa na penzi la kupika. Ulikuwa mwaka wa pili sasa hatoki jikoni, na kila Ijumaa baada ya sala keki yake ilipelekwa barazani juu ya sinia la fedha. Yeye mwenyewe hakupata kuionja hata siku moja, maana wakubwa wa baraza waliigombania mpaka sinia likabaki tupu, naye alifurahi kuwaachia wageni wake. Hakujua kwamba keki ile yote ilikuwa ikiingia katika mikono ya majoho yao, na kutoka humo ikitupwa dirishani, walipokuwa wakipita mbuzi. Na mbuzi wenyewe walikuwa wamekwisha hama njia ile.

Ijumaa moja Mwinyikai alipita chini ya dirisha hilo, kipande kikamwangukia kichwani. Akakiokota, akamshukuru Mungu, akakiuma. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama ilivyokuwa desturi yake, "Aliyeipika hii, amepata kuiona keki kwa macho, au alisimuliwa tu?"

Walinzi walimkamata kabla hajatema.

Akafikishwa mbele ya Sultani. Sultani alikuwa na unga kwenye ndevu na hasira kwenye macho. Akasema, "Ewe Mwinyikai, ndiwe uliyeitukana kazi ya mkono wangu?"

"Labeka, Maulana. Mimi niliuliza swali tu, wala sijajibiwa."

Wakubwa wa baraza wakashika vinywa. Kadhi Mkuu, mzee wa kilemba kikubwa, akasema upesi, "Maulana, kipande kilituponyoka dirishani kwa kugombania, na mtu huyu amezoea keki za mabarabarani. Atajuaje utamu wa kifalme?"

"Hilo ndilo nitakalolijua," akasema Sultani. "Sikiliza, Mwinyikai. Nakupa siku saba. Utazunguka maduka yote ishirini na moja kwa miguu yako, uonje keki za kila duka, kisha uniletee keki moja iliyo sawa na yangu. Ukileta iliyo pungufu, umeudharau mkono wangu, na shingo yako ni halali yangu. Ukileta iliyozidi, umenifedhehesha, na shingo yako ni halali yangu. Na usipoleta kitu, nitajua kwamba mji huu hauna mpishi ila mimi. Nitazivunja tanuri zote, na raia wangu watakula keki yangu, asubuhi na jioni."

Mwinyikai akaingiwa na hofu, si kwa ajili ya shingo yake peke yake. Akawaza watoto wa Mirani wakipewa keki ile siku ya Idi. Akasema, "Nimesikia, Maulana. Ila niulize: ni sawa kwa nini? Kwa sura au kwa ladha?"

"Kwa kila kitu! Mtu asiweze kuzitenganisha."

"Na atakayepima usawa huo ni nani?"

"Baraza langu. Wao ndio waijuao keki yangu, na neno lao halitatenguliwa. Nayo sharti iwe imetoka katika tanuri ya duka la mji huu, usije ukaniletea ya ng'ambo."

"Nimeridhika," akasema Mwinyikai, na hapo akapewa karani wa Sultani, jina lake Mahfudhi, amfuate na kuandika kila hukumu, asipate kudanganya. Mahfudhi alikuwa mtu mwembamba, mkavu, wa kalamu na wino, ambaye kwa heshima ya kazi yake hakuwahi kula hadharani.

Wakaanza safari kutoka soko la samaki. Mpishi wa hapo alipenda iliki kupita kiasi. Mwinyikai akatafuna, akafuta machozi, akasema, "Hii si keki iliyotiwa iliki. Hii ni iliki iliyopitiwa na keki njiani." Karani akaandika.

Wakaenda kwa ndugu wawili waliokuwa hawasemezani tangu mirathi ya baba yao. Mwinyikai akaonja, akacheka. "Sukari imetiwa mara mbili. Kila mmoja katia yake, na hakuna aliyemwambia mwenziwe." Ndugu wale wakatazamana kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kisha wakaanza kulaumiana, na hayo nayo yalikuwa mazungumzo.

Duka la tatu lilikuwa na keki ndefu, imenakshiwa kwa sukari ya rangi, watu wanasimama njiani kuitazama. Mwinyikai akaibonyeza kwa kidole, ikanywea. "Hii ingefaa kuwa waziri," akasema. "Imetuna, imepambwa, na ndani ni pumzi."

"Niandike hivyo?" akauliza Mahfudhi, akitazama huku na huku.

"Andika kwamba imeumuka vizuri."

Ikawa siku zinapita, na wao wanatembea. Siku ya tatu, kwenye keki ya nazi ya mtaa wa washona kofia, Mahfudhi alijisahau akaonja kipande, akafumba macho, na walipotoka alikuwa amelegeza mshipi. Siku ya tano mshipi aliuacha nyumbani. Lakini Mwinyikai alizidi kunyong'onyea. Keki zilikuwa na kasoro, hii imeungua kidogo, ile imekosa mafuta, nyingine ina zabibu mbili zilizokaa mbali kama maadui; lakini kila moja ilikuwa keki. Hakuna hata moja iliyokaribia kuwa mbaya kama ile ya Sultani.

Siku ya sita wakafika duka la ishirini na moja, katika mtaa wa wafua dhahabu. Mwenye duka alikuwa Bi Mwanashamu, mjane aliyepita makamo, mwili mkubwa, mikono myeupe kwa unga mpaka viwikoni. Akawakatia mkate wa mayai, ile keki laini isiyo na mapambo, uliotoka tanurini wakati huo huo. Mwinyikai akala. Hakusema neno.

"Niandike nini?" akanong'ona karani.

"Andika kwamba nimenyamaza."

Kisha akamweleza Bi Mwanashamu shari yote, ya shingo na ya tanuri, akamalizia, "Bibi yangu, nipikie keki mbaya."

"Mbaya vipi, mwanangu?"

"Mbaya ya kutisha."

Bi Mwanashamu akajikaza. Akakusudia kusahau sukari, lakini mkono wenyewe ulipita kwenye kopo akiwa anazungumza, na keki ikatoka tamu. Akapika ya pili kwa chumvi, ikatoka kitu ambacho Mahfudhi alikila chote na chai. Ya tatu akakusudia kuiunguza, lakini harufu ilipoanza kugeuka aliruka akaitoa, asijue amefikaje tanurini. Akaketi kwenye kigoda, machozi yanamtoka. "Siwezi, Mwinyikai. Miaka thelathini mkono huu umekuwa ukipika vizuri. Leo nitauambia nini?"

"Basi nipishe. Nitapika mimi, ambaye sijapata kupika hata uji."

"Tanuri chukua. Unga wangu hugusi."

"Hata kidogo?"

"Hata wakija na upanga."

Mahfudhi karani alikuwa amekaa kimya pembeni, na makombo ya keki tatu kifuani. Sasa akatazama mlangoni, akarudi, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi huwa nasimama jikoni nikiandika anavyopika. Maulana huponda mayai pamoja na maganda, kwa kuwa amesikia kwamba nguvu ya yai imo katika ganda. Hutia chumvi kibaba kizima, akisema sukari ni ya watu wadogo. Humimina marashi chupa nzima. Na huiacha motoni mpaka aisikie ikigonga."

Mwinyikai akamkumbatia. Akatoka mbio mpaka sokoni, kwa mama anayeuza udongo ule wanaoupenda wajawazito, akaomba pakacha moja, naye akampa huku akimwangalia tumbo kwa mashaka. Udongo huo akaufanya badala ya unga, akatia maganda, chumvi na marashi, akaweka motoni mpaka ikagonga. Ilipotoka akaiuma kidogo tu, na jino lake likaikumbuka mara moja.

Siku ya saba ikawa Ijumaa. Masinia mawili yakawekwa barazani, keki mbili zimekatwa vipande sawa, na Mahfudhi peke yake ndiye aliyejua ipi ni ipi. Sultani akaketi juu ya kiti, akaamuru, "Leo nataka niwaone mkila. Hapo hapo, mbele yangu."

Kadhi Mkuu akawa wa kwanza. Akachukua kipande cha sinia la kulia, akauma, na watu wote wakasikia. Uso ukamgeuka rangi, lakini akajikaza akasema, "Allah! Huu ni mkono wa Maulana, hata kipofu angeutambua." Akachukua cha kushoto, akauma, macho yakamtoka. "Na huu pia ni mkono wa Maulana."

Mwingine akaja, akasema ya kushoto ndiyo ya Sultani. Wa tatu akaapa ni ya kulia. Kila mmoja aliogopa kukosea, na kila mmoja aliogopa kutema, ikawa wanabishana huku wametunisha mashavu, vilemba vinakaa upande. Mwisho wakapatana. Kadhi Mkuu akapiga goti. "Maulana, ni sawa kwa sawa. Hakuna binadamu awezaye kuzitenganisha."

Sultani akafurahi, akaudhika pia, maana hakutarajia kuwa na mwenzake mjini. Akasema, "Shingo yako ni yako, Mwinyikai, na tanuri za watu zimesalimika. Lakini niambie, huyu fundi aliye sawa nami ni nani?"

"Ni mimi, Maulana."

"Wewe! Ulijifunza wapi kupika?"

"Sikujifunza, Maulana. Ndiyo sababu zimelingana."

Sultani akakunja uso. "Umetia nini ndani yake?"

"Maganda ya mayai, kibaba cha chumvi, chupa ya marashi. Na mahali pa unga nimetia udongo, ule wanaokula wajawazito."

Sultani akawageukia wakubwa wake. Kadhi alikuwa na udongo kwenye ndevu. "Mmekula udongo," akasema Sultani taratibu, "mkaapa ni mkono wangu?" Wala hakungoja jibu. Akamwamuru Mahfudhi amwonyeshe sinia lake mwenyewe, akanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kupika akaionja keki yake. Akatafuna kwa muda mrefu, kwa kuwa haikuwezekana kuitafuna kwa muda mfupi. Kisha akatema ndani ya bakuli la kunawia.

"Na hii mmekuwa mkiila kila Ijumaa?"

Kadhi Mkuu akainama mpaka kilemba kikagusa mkeka. "Maulana, kwa kweli... hatukuwa tukiila."

Sultani akachukua kipande cha sinia la pili, akakiuma ncha, akafikiri. "Mwinyikai, hii yako ina nafuu kidogo."

Mwinyikai akashtuka. Akajitupa chini, akainamisha kichwa. "Basi imezidi, Maulana! Shingo hii hapa!"

Hapo Sultani akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, unga ukapeperuka kutoka kwenye ndevu zake. "Inuka, mwanaharamu wee! Baraza limekwisha hukumu kwamba ni sawa, na nilisema neno lao halitatenguliwa. Nao wataketi hapa hapa mpaka masinia yote mawili yawe matupu, na mikono ya majoho yao nitaishona mwenyewe. Sasa omba utakalo."

"Naomba Maulana ashuke kwa miguu, twende mtaa wa wafua dhahabu."

Wakaenda. Sultani akala mkate wa mayai wa Bi Mwanashamu amesimama mlangoni, mbele ya watu, naye akanyamaza kama Mwinyikai alivyonyamaza. Kisha akamwomba bibi yule amfundishe. Bi Mwanashamu akamtazama kutoka kilemba mpaka viatu, akamwambia avue pete, akampa chekecheke. Kwa mwezi mmoja Sultani wa Mirani alichekecha unga asubuhi, wala hakuruhusiwa kugusa yai.

Siku aliyoruhusiwa, akapika keki yake ya kwanza ya kweli, akaileta mwenyewe kwa mikono miwili. Karani Mahfudhi akashika kalamu. Walinzi wakasimama mlangoni wakizuia pumzi. Bi Mwanashamu akamega, akatafuna, akatazama dari, akameza.

"Bado," akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Sultani Shahabu neno hilo. Walinzi wakatazama chini. Lakini Sultani uso wote ukamfunguka, akakunja mikono ya joho mpaka viwikoni, akasema, "Leteni unga mwingine."

Na hapa ndipo hekaya hii inapokung'utwa makombo. Mwenye njaa na aende dukani.