Risasi Laini

Mtu mmoja alikuwa na shamba zuri na bega bovu. Jina lake Gaudensi. Shamba lilikuwa bondeni, mahindi juu na mpunga chini, na chini ya mpunga kulikuwa na matete marefu hadi mtoni. Ndani ya matete walikaa nguruwe pori. Walitoka kula mpunga wake kila msimu, na nguruwe akila hali kwa shukrani. Anachokula ni kidogo, anachokivuruga ni kingi. Bega nalo lilivunjika zamani, alipoanguka kutoka juu ya paa akiezeka nyumba, na halikuunga sawasawa. Bunduki kubwa aliyoachiwa na baba yake ilikuwa na teke la punda. Kila alipoifyatua, siku zilizofuata alikula kwa mkono wa kushoto.

Alikuwa pia na mdogo wake, Longino, ambaye alilima naye shamba hilo hilo. Gaudensi alikuwa mpigaji. Longino na wenzake wachache waliingia kwenye matete na madebe, wakapiga kelele hadi nguruwe watoke. Hivyo ndivyo walivyogawana kazi tangu baba yao alipofariki, na hawakuwahi kugombana juu ya hilo. Nawaambia mapema ili msije mkasikiliza huku mawazo yenu yako kwingine: ninachosimulia si habari ya nguruwe, ni habari ya Longino.

Bonde lile lilikuwa na desturi yake. Bunduki ikilia tu, kila aliyemo kwenye matete husimama wima pale pale alipo, huinua mkono, na kusema kwa sauti, "Nipo!" Mpigaji akishawaona wote walipo, ndipo hupiga tena. Desturi hiyo ilianza enzi za gobore. Gobore likishalia, limekuwa chuma tu kama jembe. Mwenyewe anatafuta baruti, anashindilia, anatia risasi, anapangusa jasho, na muda wote huo mtu anaweza kusimama mbele yake akamsimulia habari za harusi. Ilipokuja bunduki ya komeo, muda ule ulipungua, lakini haukuisha. Mpigaji alivuta komeo nyuma, ganda likaruka, akanyamaza kusikiliza "nipo" ya huku na "nipo" ya kule, kisha akasukuma komeo mbele na risasi nyingine ikaingia. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kwamba kilichokuwa kikiwalinda ni uzito wa chuma kujazwa tena. Wao waliona ni adabu tu, kama kuitika unapoitwa.

Basi Gaudensi akachoka. Msiniletee hapa ile ya haraka haraka haina baraka. Huyu hakuwa na haraka, alikuwa amechoka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nguruwe walikuwa wakitoka watatu, anaangusha mmoja, na wakati anavuta komeo wa pili ameshageuka na kurudi kwenye matete, na huyo aliyerudi ndiye anayekuja kumaliza mpunga uliobaki. Alichoka kuvuta, kuita, kusubiri, kusukuma. Alichoka kuamka na bega lile. Mkewe akimwambia kwamba mpunga umeliwa tena, alikuwa anatazama chini tu kama mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka. Mimi simcheki, na ninyi msimcheke. Mtu aliyechoka hatafuti dhambi, anatafuta pa kukaa.

Akaenda mjini kwa mwuza bunduki, Longino akamsindikiza. Mwuzaji akasikiliza habari zote za bega, akatoa risasi moja nyembamba na kuiweka mezani. Akasema hiyo ndiyo inayomfaa. Inatosha kumlaza nguruwe kwa umbali wa kutoka kwenye kichuguu anachozoea kupigia hadi kwenye matete, na begani haiumi kuliko mkono wa mtu anayekuamsha usingizini. Katika hilo alisema kweli, na Gaudensi alifanya vizuri kumsikiliza. Kisha akatoa bunduki mbili, zote za risasi hiyo hiyo. Moja ilikuwa ya komeo, nyepesi, ya kitako cha mti, isiyo na mapambo. Ya pili ilijijaza yenyewe. Ukifyatua, ganda linaruka na risasi nyingine imeshaingia. Mkono hauna kazi, ni kidole tu. Ilikuwa nzito zaidi, na ilitaka kusafishwa kila mara kwa sababu haipatani na vumbi.

Gaudensi akauliza ipi italihurumia bega lake. Mwuzaji akamjibu kwamba ile ya kujijaza humeza teke, ila kwa risasi laini namna hii hakuna teke la kumeza, kwa hiyo bega halitajua tofauti. "Tofauti utaiona mkononi, mzee wangu," akasema. "Hii utaifanyia kazi kila risasi. Hii nyingine haikudai kitu."

Neno hilo la kutodaiwa kitu lilimwingia Gaudensi kama maji kwa mtu mwenye kiu. Tangu lini alikuwa amegusa kitu kisichomdai? Shamba lilimdai, bega lilimdai, nguruwe walimdai. Aliishika ile bunduki, akaiegemeza begani, akasikia pumziko hata kabla hajakubali kuinunua. Longino alichukua ile ya komeo, akalivuta na kulirudisha mara moja, akasema, "Kaka, hii ina mlio mzuri." Gaudensi akamwambia mlio haushibishi mtu. Wakacheka wote watatu, na safari ya kurudi ni Longino aliyeibeba ile nzito hadi nyumbani, kwa sababu ya bega la kaka yake.

Kijiji kizima kilikuja kuiona. Wazee waliipapasa, wanawake waliuliza kama kweli nguruwe wataisha, na wale wa madebe walipokezana na kuisifu. Katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyeuliza: sasa sisi tutasimama saa ngapi? Longino hakuuliza. Hata mimi ningekuwepo nisingeuliza, ningeuliza imenunuliwa shilingi ngapi. Hapakuwa na mtu mwovu pale, na ndiyo maana habari hii inanichosha kila ninapoisimulia, kwa kuwa hakuna wa kumtupia jiwe.

Asubuhi moja baada ya mvua walikwenda. Gaudensi akapanda juu ya kichuguu kilichokuwa ukingoni mwa shamba. Longino na wenzake wakazunguka, wakaingia kwenye matete kutokea upande wa mto. Madebe yakaanza kulia. Nguruwe wakatoka watatu kama ilivyokuwa kawaida yao. Gaudensi akafyatua na wa kwanza akalala. Bega halikusikia kitu. Wa pili akageuka kurudi kwenye matete, yule yule wa miaka yote, na safari hii hapakuwa na komeo la kuvuta wala sababu ya kungoja. Gaudensi akaona matete yanatikisika. Kidole kikafanya kazi yake.

Lakini nguruwe alikuwa ameshapita pembeni. Aliyetikisa matete alikuwa Longino. Alikuwa amesikia bunduki, akasimama wima, akainua mkono kama baba yao alivyomfundisha, akafungua kinywa aseme kwamba yupo. Neno lilitoka nusu.

Risasi ile laini iliingia pajani ikavunja mfupa. Ulaini wake ulikuwa wa bega la aliyepiga. Paja la aliyepigwa halikupata habari hizo. Sisi huita laini kitu chochote kisichotuumiza sisi. Gaudensi aliitupa bunduki kwenye matope, akakimbia kwa kujikwaa, akamkuta mdogo wake amelala chali na mkono mmoja ungali umeinuliwa nusu. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu. Wakakata miti miwili, wakafunga vitenge, wakambeba Longino hadi zahanati. Njia nzima Gaudensi alibeba kona moja ya machela kwa bega lile bovu, na kila aliyetaka kumpokea alimfukuza.

Longino hakufa. Mguu ulipona, ila ukawa mfupi kuliko mwenzake, na akaambiwa kwamba kazi ya kuingia kwenye matete asahau. Alipopata nguvu ya kuongea, kaka yake aliketi kando ya kitanda akaanza kumweleza. Akaeleza nguruwe alivyogeuka, matete yalivyotikisika, kidole kilivyotangulia akili. Akaeleza alivyochoka. Akaeleza tena toka mwanzo, maana mwenye kosa hana uhaba wa maneno. Longino alimwacha amalize. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwa Gaudensi kama angekuwa nayo. Alimtazama kwa huruma, akasema:

"Kaka, mimi nilisimama kwa sababu nilijua unanisubiri."



Najua mngependa niwaambie kwamba aliirudisha ile bunduki. Aliirudisha. Mwuzaji aliipokea, akampa ile ya komeo, na tangu hapo Gaudensi akipiga mara moja huvuta komeo nyuma na kuliacha wazi muda mrefu, hata wenzake humwambia inatosha. Lakini kwenye matete hakuna anayesimama tena. Bunduki ikilia, watu hulala kifudifudi, na "nipo" zao hutokea chini, kwenye matope, ambako yeye hawezi kuwaona. Kwa hiyo sasa anasubiri kweli, na kusubiri kwake hakumfai mtu. Nguruwe wa pili anaendelea kurudi, mpunga unaendelea kuliwa.

Na Longino amemsamehe. Wasiomjua husema anajifanya, lakini mimi naamini amemsamehe. Wanakula sahani moja, na mtoto wa mwisho wa Longino amepewa jina la baba yake mkubwa. Ila zamani Gaudensi akipita njiani na kuita, "Longino!", ndani ya nyumba sauti iliitika kabla jina halijaisha. Siku hizi akiita, kwanza kuna kimya. Si kirefu. Mgeni hawezi kukitambua. Gaudensi anasimama nje ya mlango na mkono wake mmoja umeshika bega, anakisikiliza kimya kile, anakijua kilikotoka. Kisha Longino anaitika, "Nipo, kaka," naye anaingia. Ule muda mfupi aliouona mzigo kwenye bunduki umehamia kooni mwa mdogo wake, na hakuna duka linalopokea hicho na kumpa kingine.

Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi nawasikiliza mkinisimulia magomvi ya nyumbani kwenu. Mume anakuja peke yake, mke anakuja peke yake, mzazi anakuja, mtoto aliyekwisha kuoa anakuja, na wote mna jibu moja: mwalimu, nilikuwa nimechoka. Nawaamini. Hata mimi nimechoka, na dawa ya uchovu sina. Ningekuwa nayo ningeanza kuinywa mwenyewe. Mnaniambia pia kwamba hamkupiga kelele, kwamba mlisema kwa sauti ya chini, kwamba halikuwa neno zito. Nalo naliamini, kwenu ninyi mliolisema halikuwa zito. Nendeni mkapumzike. Lakini kabla ya kulala kila mmoja ajiulize: neno langu la kwanza lilipomsimamisha mwenzangu aniitikie, je, nilimwona kabla sijatoa la pili?