Shemeji wa Fisi Maji

Niwape, nisiwape?

*Tupe!*

Na mkisinzia?

*Tumwagie maji!*

Haya. Palikuwa na Fisi Maji, tumbo ndi, mlafi huyo! Kila siku bwawani, chubwi! Anaopoa kome, anampasua gamba juu ya jiwe, ko, ko, ko, anameza. Aliogopa kitu kimoja tu, mwiko wa kwao: fisi maji akimla shemeji, meno yote yanang'oka.

Siku hiyo, chubwi! Akaopoa kome mdogo. Mama wa kome huyo, Bi Kinundu, akapiga yowe kutoka topeni, "Mweke chini mwanangu! Huyo shemeji yako!"

"Shemeji kwa nani?"

"Kaka yako wa kule juu mtoni kaoa kwetu. Kwani harusini hukuwepo?"

Fisi Maji akaona haya. Harusi zote za ndugu huzikosa, yuko anakula. "Sasa nyie nitawajuaje?"

"Asili yetu bapa."

"Mbona huyu duara?"

"Kalelewa kwenye maji yaliyotulia, kanenepa. Mpeleke mtoni kwenye maji ya kasi uone."

Akampeleka. Akasubiri masika, akasubiri vuli, kome hagusi, mate yanamtoka. Akamwopoa tena. Lahaula! Gamba la zamani duara, ukingo mpya bapa. Kichwa kikamzunguka. Huyu nusu mgeni, nusu shemeji. Sasa nimle nusu?

Akarudi mbio. "Na nikimleta bapa huku bwawani?"

"Atakua duara."

"Basi shemeji yangu yupi, jamani?"

"Papasa mgongoni. Kile kinundu kila mtoto wetu huzaliwa nacho. Maji hayakiondoi."

Akapapasa wa bwawani: kinundu. Akapapasa wa mtoni: kinundu. Wote! Akashika meno yake, akaketi juu ya jiwe, akalia kwa njaa.

Mara akaja kaka yake kutoka kule juu kwenye maji ya kasi, mwembamba kama ufito. "Unalilia nini?"

"Shemeji zako, kome."

"Shemeji gani? Mimi sijaoa!"

Fisi Maji akamtazama kaka yake, akalitazama tumbo lake mwenyewe. Akamtazama tena.

"Toka hapa! Mwembamba hivyo, ndugu yangu wewe? Mgeni tu, nikuamini wewe nimwache Bi Kinundu?"

Hadithi imeishia hapo; nami nimefumba gamba langu, lenu wazi. Funzo: uongo ni mbaya sana, watoto wangu. Muulizeni Bi Kinundu, yuko bwawani na wanawe wote.